Nairobi hadi New York: Masaa 15, au Miaka 59?

Ukiuliza simu yako Nairobi hadi New York ni mbali kiasi gani, inakujibu kabla hujameza mate. Kilomita kama 11,800. Ndege ya moja kwa moja, masaa kama 15. Wengi wetu tunasoma hapo, tunaangalia bei ya tiketi, tunacheka kicheko cha uchungu, tunarudi kwa shughuli zetu.

Mimi nilikwama hapo kwa hiyo namba. Wasee, masaa 15 ni ya leo. Kuna watu walitoka hapa kwenda huko wakiwa na umri wetu, miaka 20 na kidogo, wakati hata bendera hatukuwa nayo. Wao ilikuwa masaa mangapi? Nani aliwalipia? Na kwa nini ilichukua mpaka 2018 ndiyo ndege ya kwanza iruke kutoka Nairobi mpaka New York bila kutua mahali? Nimekaa na hii stori wiki nzima na leo naimwaga yote.

Kwanza hesabu, ju najua kuna watu wa hesabu hapa na wataniandama.

Zile kilomita 11,800 hazipimwi kwa rula juu ya ramani ya ukutani. Ukichukua rula, mstari wako utapita Afrika Magharibi, pande za Burkina Faso huko. Lakini dunia ni mpira. Chukua uzi, uvute juu ya mpira kutoka Nairobi mpaka New York, utaona unapinda kwenda juu: Sudan Kusini, Sahara, Algeria, Moroko, halafu unaingia Atlantiki. Hiyo ndiyo njia fupi. Rubani anaweza kuikwepa kidogo kwa sababu ya hali ya hewa au vita, lakini hesabu inaanzia hapo.

Masaa nayo yana vituko vyake. Ratiba iliyotangazwa 2018 ilisema ndege inatoka JKIA saa tano na dakika 25 usiku, inafika JFK saa kumi na mbili na dakika 25 asubuhi. Ukihesabu kwa saa ya ukutani utaapa ni masaa saba. Lakini New York iko nyuma yetu masaa nane wakati wao wa baridi (saba wakati wa joto), kwa hivyo wewe umekaa kwa kiti masaa 15 na bado kwao ndiyo kunakucha. Kurudi ni kama masaa 14, ju huko juu kuna mkondo wa upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukienda unapigana nao. Ukirudi unakusukuma.

Na kuna kitu kingine ambacho sikuwahi kufundishwa shuleni. Nairobi iko juu sana, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi. Sisi tunaitumia kujisifu tukiongelea wakimbiaji wetu, lakini kwa ndege nzito ni shida. Mabawa yanapata hewa kidogo ya kukamata, injini nazo zinapumua hewa kidogo, kwa hivyo ndege iliyojaa mafuta ya masaa 15 inahangaika kuinuka kuliko ingekuwa Mombasa. Ndiyo maana kuondoka usiku kunasaidia: usiku kuna baridi, na hewa baridi ni nzito kidogo. JFK iko karibu na bahari, mita chache tu juu ya maji, kwa hivyo huko ndege inaruka na mzigo wake bila maneno mengi.

Hiyo ni fizikia, na fizikia haina ubaguzi. Sasa tuingie kwa historia, ambayo ilikuwa nao.

Mwanzoni ndege ya kutoka hapa kwenda Ulaya haikuwa ya Nairobi hata kidogo. Ilikuwa ya Kisumu. Februari 1931 kampuni ya Waingereza, Imperial Airways, ilianza safari za kila wiki kati ya London na Mwanza, na Kisumu ikawa kituo. Ndege zenyewe zilikuwa zinatua majini, zinafuata Mto Nile kutoka Khartoum mpaka Ziwa Victoria. Watu wa Kisumu, mko na haki ya kuringa. Kufikia 1932 njia iliendelea mpaka Cape Town, na abiria wa London alikuwa anachukua siku 10 kufika huko mwisho. Kwa njia hiyo kuna mahali walikuwa wanashuka wanapanda treni, wanarudi tena kwa ndege. Na bado ilikuwa maendeleo, ju meli kutoka Mombasa ilikuwa inachukua wiki kama tatu kufika Uingereza.

Baadaye, Mei 1952, ndege ya kwanza ya jeti kubeba abiria wa kulipa duniani, Comet, ilitoka London kwenda Johannesburg. Ilipita Entebbe. Sisi iliturukia tu. Tuendelee.

Nairobi ikapata kiwanja kikubwa Embakasi, kikafunguliwa 1958. Hapa naomba upunguze mwendo wa kusoma. Hicho kiwanja kilijengwa wakati wa Emergency, Hali ya Hatari iliyotangazwa 1952, na sehemu kubwa ya kazi ya sulubu ilifanywa na wafungwa na mahabusu wa Mau Mau waliofungiwa Embakasi. Watu walioshikwa kwa kutaka ardhi yao walilazimishwa kusawazisha ardhi ya ndege kutua, ndege ambazo wao wenyewe hawangepanda. Ukiwa unaburuta sanduku lako pale siku moja, hata kama ni kuchukua mtu tu, jua hivyo.

Sasa fikiria: mwaka mmoja baada ya kufunguliwa, Septemba 1959, Hali ya Hatari bado haijaondolewa, vijana Waafrika 81 wanapanda ndege Embakasi kwenda New York kusoma. Wavulana kwa wasichana. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuona ndege kwa karibu.

Mtu aliyepanga hiyo maneno alikuwa na miaka 29. Tom Mboya. Msee wa Rusinga, aliyewahi kuwa mkaguzi wa afya wa jiji, sasa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi na mjumbe wa Nairobi kwa baraza la kutunga sheria. Shida aliyoiona ilikuwa rahisi kueleza. Uhuru unakuja. Wazungu wakiondoka, nani atakaa kwa hizo ofisi? Chuo kikuu cha maana hapa Afrika Mashariki kilikuwa Makerere, nafasi chache. Nairobi ilikuwa na chuo cha ufundi kilichofunguliwa 1956 tu. Kwenda Uingereza kulikuwa na mlango mwembamba ambao funguo alikuwa nazo mkoloni mwenyewe. Na serikali ya mkoloni ilikuwa inadharau digrii za Marekani, inasema ni za bei rahisi.

Mboya akaenda Marekani 1959 akazunguka vyuo, makanisa na vyama vya wafanyakazi akitoa hotuba. Vyuo vilikuwa tayari kutoa nafasi za masomo. Kitu kilichokosekana ni kile kile kinachokosekana leo: nauli. Mtu alikuwa na barua ya chuo kwa mkono na hana njia ya kuvuka bahari. Kwa hivyo Mboya na rafiki yake William Scheinman, mfanyabiashara wa vipuri vya ndege, na Wamarekani wengine, wakaanzisha shirika la kuchangisha. Jackie Robinson, yule mchezaji besiboli, Harry Belafonte mwanamuziki na Sidney Poitier mwigizaji wakatia sahihi barua ya kuomba watu watoe. Hesabu yao ilikuwa ya akili sana: kununua tiketi moja moja ni hasara, kodi ndege nzima.

Ikakodiwa Britannia, ndege ya propela nne. Kasi yake ilikuwa kama kilomita 570 kwa saa. Piga hesabu: hata ingeweza kuruka kilomita 11,800 bila kutua, ingekuwa zaidi ya masaa 20 hewani. Na haikuweza, kwa hivyo ongeza kutua njiani kujaza mafuta. Zaidi ya siku nzima ukiwa umevaa suti moja uliyonunuliwa na kijiji.

Na hapo kwa kijiji ndipo stori hii inanishika mimi. Pesa za Marekani zililipa ndege, lakini mwanafunzi alihitaji pesa za matumizi, nguo, na kuonyesha kwamba hataenda kulala njaa. Hizo zilitoka huku. Watu walifanya karamu za chai, ukinunua kikombe unachangia. Familia ziliuza ng'ombe. Wengine waliuza shamba. Kijiji kizima kinanunua safari ya mtu mmoja kwenda mahali hakuna hata mmoja wao ataona, kwa imani kwamba atarudi na kitu.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, na sisemi hivyo ili mnionee huruma, niko sawa, nyinyi ndio mnanilisha. Nasema ili mjue kwa nini nilisoma hii sehemu mara tatu. Kwetu pia kuna kikundi cha simu cha mchango. Mwaka juzi rafiki yangu wa primary alipata barua ya chuo huko Marekani, na nusu ya masomo analipiwa. Hebu tuhesabu kabla hata ya tiketi: ada ya mfumo wa wanafunzi wa kigeni, dola 350. Ada ya visa, dola 185. Hiyo ni karibu shilingi elfu 70, na hairudishwi ukikataliwa. Mamake, ambaye anauza mboga, alituma elfu mbili ya kwanza kwa kikundi ndiyo watu waone haya. Zikapatikana. Halafu tarehe ya mahojiano ikasogea, ikasogea, na muhula ukaanza bila yeye. Chuo kikasema ajaribu mwaka ujao. Ukimuuliza leo Nairobi hadi New York ni masaa mangapi, hatakuambia 15.

Turudi 1960, ju hapo ndipo siasa iliingia.

Baada ya ndege ya kwanza kufaulu, maombi yakafurika. Mboya akaomba serikali ya Marekani isaidie na nauli, ikakataa. Julai 1960 akaenda kumwona seneta mmoja kijana aliyekuwa ametoka tu kuteuliwa kugombea urais: John F. Kennedy. Wakakutana nyumbani kwa akina Kennedy, Hyannis Port. Wakfu wa familia ya Kennedy ukakubali kutoa dola 100,000 kwa usafiri. Mpinzani wake, Richard Nixon, aliposikia, upande wake ukasukuma serikali ile ile iliyokuwa imekataa igeuke iseme itatoa. Wakaanza kurushiana maneno mpaka ndani ya Seneti. Watoto wetu wakawa mpira wa kampeni ya Marekani, kila upande unataka kura za Wamarekani weusi. Mboya alijua vizuri kilichokuwa kinaendelea. Akachukua pesa, ndege zikaruka. Mimi hapo namheshimu zaidi, sio kidogo.

Kabla hamjaanza: la, babake Obama hakuwa kwa ile ndege ya 1959. Alienda Hawaii mwaka huo huo kwa njia yake, akisaidiwa na watu wengine. Na la, Kennedy hakulipia ndege ya 1959. Pesa zake zilikuja 1960. Hizi mbili zimesambaa kila mahali na watu wanaziposti kama Biblia.

Aliyesafiri 1960 ni Wangari Maathai. Alikuwa na miaka 20. Ukishafika New York safari yako haijaisha, ju chuo chako kiko Kansas, na Kansas si New York. Akapanda basi na wenzake. Njiani, jimbo la Indiana, wakaingia mkahawa kununua kinywaji wakaambiwa hawawezi kukaa ndani, wakanywee nje. Umevuka Sahara na Atlantiki, umefika nchi iliyokukaribisha kwa nafasi ya masomo, na kiti cha mkahawa kinakushinda. Alirudi na digrii mbili, akapata ya udaktari hapa nyumbani, na 2004 akapata Tuzo ya Nobel. Pamela Odede naye alisafiri 1959, akasoma chuo cha wanawake Ohio, na baadaye akawa mke wa Mboya. Kufikia 1963 karibu vijana 800 kutoka Kenya na nchi jirani walikuwa wamevuka kwa mpango huo. Upande mwingine, Jaramogi Oginga Odinga alikuwa anapeleka wake Moscow na nchi za huko. Hiyo ni stori ya siku ingine, na ni tamu pia.

Sasa, uwanja waliotua New York ulikuwa unaitwa Idlewild. Kennedy alipigwa risasi Novemba 1963, na mwezi uliofuata uwanja ukapewa jina lake. JFK. Embakasi nayo ikabadilishwa jina 1978, mwaka ambao Mzee Kenyatta alifariki, ikawa Jomo Kenyatta. Kwa hivyo ukinunua tiketi leo, inaandikwa jina la rais aliyekufa kwenda jina la rais mwingine aliyekufa. Mtu aliyeunganisha hizo sehemu mbili kwa ndege ya kukodi alipigwa risasi Julai 5, 1969, mchana, Government Road, akitoka duka la dawa. Alikuwa na miaka 38.

Halafu kimya kirefu. Mkenya wa kwenda Marekani alikuwa anapitia London, au Amsterdam, au Dubai, au Addis, analala kwa viti vya uwanja wa watu, masaa 20, 25, wakati mwingine zaidi. Ndege zenye uwezo wa kuruka umbali huo zilikuwa zimeshapatikana kitambo. Kulikosekana idhini: Wamarekani wanataka kwanza mamlaka ya anga ya nchi yako ifikie daraja lao la kwanza la usalama, na Kenya ililipata Februari 2017. Tarehe 28 Oktoba 2018 Dreamliner ya Kenya Airways, viti 234, ikaruka kutoka JKIA bila kutua mpaka JFK. Rais Uhuru Kenyatta alikuwa hapo kuiaga, kwa uwanja wenye jina la babake.

Kutoka 1959 mpaka 2018 ni miaka 59. Nilitafuta kwa sherehe ya siku hiyo mahali jina la Mboya linakaa na nikaona ndege, bendera, hotuba za utalii na biashara. Sina shida na utalii. Lakini ukiniuliza mimi, ile ndege ilifupisha safari kwa mtu ambaye tayari anaruhusiwa kusafiri. Mfanyabiashara aliokoa masaa kumi. Mboya alikuwa anafupisha ile sehemu ingine, ya kabla ya kupanda, pale ambapo barua iko, akili iko, na nauli haiko. Hiyo sehemu tangu aondoke sijaona kiongozi ameigusa kwa nguvu ile. Tuna viongozi wengi wa kukata utepe. Wa kukodi ndege nzima kwa watoto wa wauza mboga, nitajieni mmoja.

Sanamu yake iko Moi Avenue, karibu na Archives, si mbali na pale alipopigwa risasi. Ndiyo hiyo Government Road ya zamani. Nyuma yake kuna barabara ya Tom Mboya, ile ya matatu, makanga, simu za wizi na mahindi choma. Nilienda kusimama hapo Alhamisi nikiandika hii. Msee mmoja alikuwa ameegemea ukuta wa sanamu akipiga simu, anamwambia mtu kwa sauti kubwa kwamba amefika kitambo, yeye ndiye anangojewa.

Kutoka hapo mpaka JKIA ni kilomita kama 15. Unapanda 34. Jumapili asubuhi ni nusu saa. Ijumaa jioni, kama mvua imenyesha na dereva hataki kulipia ile barabara ya juu, toka mapema sana.